Mfuko wa Kushoto

Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi,
Jumatano, 9 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Wewe na wifi hamjambo? Watoto wanasoma? Na mgongo wako je, umepoa, au bado unatembea kama mtu aliyebeba gunia? Sisi tunapumua, na kwa wiki hii kupumua si jambo dogo.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu nikipiga, Mama hukaa mbele yangu akinisoma uso. Sitaki aone nilivyoogopa.

Unajua tangu awekewe kile kifaa cha kuusaidia moyo kupiga, pale chini ya bega la kushoto, amekuwa mzima kuliko mimi. Ila masikio yamechoka, simu ikilia hasikii. Akaniomba nimshonee mfuko kwa ndani ya gauni, kifuani upande huo huo wa kushoto, ili simu ikitetemeka ajue ni wewe. Mimi nani nimkatalie? Nilishona mifuko kwenye magauni yake yote sita. Na nilivyo mpenda sifa, nikaweka na kifungo ili isidondoke.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, alikuwa dukani kwangu akinikunjia sare za wateja. Akasema anaona giza, mara akaanguka kando ya cherehani. Nilipiga kelele mpaka kinyozi wa jirani akaja mbio na wembe mkononi. Nilijua tumempoteza.

Alizinduka njiani. Hospitalini, fundi wa vifaa vya moyo alimfungua gauni, akatoa simu, akaniuliza, "Nani kamshonea hapa?" Nikasema ni mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakunigombeza. Alieleza kwamba kifaa kile husikiliza mapigo ya moyo, na simu ikikaa juu yake mawimbi yanaweza kukichanganya. Tena hii uliyomtumia ina sumaku mgongoni, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Hakuapa kuwa ndiyo iliyomwangusha, lakini alisema isirudi pale kamwe. Ikae mbali na kifaa, shibiri nzima au zaidi, na aongee kwa sikio la kulia. Zile hedifoni zisizo na waya nazo asizining'inize shingoni zikamwangukia kifuani. Redio na televisheni aendelee nazo kama kawaida. Na wewe, nakuomba usitume kifaa kingine chochote kabla sijamuuliza huyo fundi.

Mifuko niliifumua yote siku hiyo hiyo. Nilijidunga sindano kama mwanafunzi wa jana. Mpaka leo Mama akisinzia namwekea kiganja puani nione kama anapumua. Hili usimwambie mtu, hata wifi.

Simu sasa inakaa mezani. Kwa kuwa hasikii ikilia, anaikodolea macho tangu asubuhi, hatoki. Jana nilimwambia ale, akakataa, eti utapiga akiwa amejaza mdomo. Baadaye nikamwona anapapasa kifua, anatafuta mfuko ambao haupo. Alipogundua namtazama akasema, "Pale nilikuwa namsikia."

Basi, mdogo wangu, chagua siku moja na saa moja, uwe unapiga hapo hapo kila wiki. Nitafunga duka nikae naye. Usikose hata mara moja. Ukikosa atataka kuirudisha kifuani, na mimi siwezi kumlinda kutwa nzima. Kushona, kumbuka, nilifundishwa na yeye.

Msalimie wifi na uwabusu watoto, waambie shangazi anawawaza. Mjomba na yule kinyozi wanakusalimu. Mungu akufunike huko uliko, na huku aendelee kutuachia Mama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fundi wa cherehani