Honorata, Safari Yako ya Japani Tunaisikia kwa Majirani

Mwaka umetimia leo, Mama Agape, tangu tulipokuzika hapa nyumbani Mbaga, baada ya wiki mbili tu za kuugua.

Wengi wanakukumbuka kwa dengelua. Ile pombe ya miwa uliipika kwa mikono yako, ukaionja kabla ya mtu yeyote, na isipokuridhisha uliimwaga hata kama harusi ilikuwa kesho yake. Kazi ikiisha ulikaa mlangoni, miguu umeinyoosha, ukimenya muwa kwa meno.

Kisha mkachaguliwa akina mama sita wapika pombe wa wilaya ya Same kwenda Japani wiki mbili, kutembelea miji ya zamani inayopika sake, pombe yao ya mchele. Mimi mumeo, Hezroni, nilikubebea begi hadi stendi ya Same. Uliporudi ulinionyesha picha: wewe na mzee mmoja mwenye mvi mmeinamia tangi, mnacheka. Nikauliza ni nani.

"Mpishi wao mkuu," ulisema. "Alinipa ninuse, akauliza bado siku ngapi iive. Nikamwambia tatu. Alishangaa, maana na yeye alikuwa amehesabu tatu."

Sikuwahi kukuona ukicheka hivyo ukiwa nami. Nikakwambia, "Habari za Japani ziishie hapo. Humu ndani sitaki kuzisikia."

Uliirudisha picha kwenye bahasha. Ulinitii miaka mitatu yote hadi ulipofariki, bila kununa.

Siku ya mazishi ndipo nilipojua kwamba zile habari ulikuwa umezipeleka nje. Priska wa jumuiya alisimulia mpira wa majani ya mierezi wanaoutundika mlangoni pombe mpya inapotoka, ukiwa bado wa kijani. Ukigeuka kahawia, watu wanajua imekomaa. "Kwani hakukwambia?" aliniuliza. Fundi cherehani alijua dohani za matofali mekundu za mji wa Saijo. Hata vijana wa bodaboda walijua visima vya kupikia sake vya Fushimi, na jinsi ulivyokunywa maji yake kwa kiganja. Mimi niliyelala nawe kitanda kimoja sikujua kitu.

Tangu hapo napita nyumba kwa nyumba nikiiomba safari yako vipande vipande. Wivu niliomwonea yule mzee sasa nawaonea majirani zetu.

Mwezi uliopita niliteremka Same sokoni kwa rafiki yako Husna, muuza mchele. Alinieleza jinsi Wajapani wanavyousugua mchele hadi punje inabaki kiini tu. Kisha akatabasamu peke yake.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Kuna jambo lilimpata kule siku ya mwisho. Alinisimulia mimi tu."

"Niambie, Husna."

"Hapana, Baba Agape. Wewe umekaa naye miaka thelathini na moja. Hili niachie mimi."

Nilitaka kugomba, nikajizuia. Nikanunua kilo mbili za mchele, nikapanda gari la kurudi mlimani. Niliona wivu njia nzima, Mama Agape, na bado ninao.

Unakumbukwa na mumeo Hezroni, binti yako Agape, dada yako Beatha, wajukuu wako, akina mama wa jumuiya, na Husna, ambaye tumekubaliana aandikwe hapa pamoja na ndugu.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.