Maombi ya Inchi pale Karuba

Siku ya Mungu, 3 Mai 1959. Karuba.
Kengele, katekismu, kisha maombi. Padri anafika mara moja kwa mwezi. Siku zingine mimi, katekista, njo naongoza. Nimesoma ombi la kuombea mufalme wa Ubeleji na wakubwa wa Leta, serikali yake. Amina bila nguvu. Mama Bahati akasimama. Mujane. Kilima cha bwana yake leo iko malisho ya ngombe za muzungu.
"Papa katekista, kila siku tunaombea inchi ya wengine. Hii yetu, nani anaiombea?"
Nikafunga kitabu cha maombi, watu wakatoka.

Siku ya tano, 8 Mai.
Kupalilia maharagi na Furaha, bibi yangu wa ndoa. Nimemwambia ninatafuta maneno ya kuombea Kongo. Anaogopa. Nyumba yetu ni ya misioni. Mimi pia naogopa.

Siku ya Mungu, 10 Mai.
Nimeomba. Ya mufalme kwanza, sikuruka neno. Kisha nikafunga kitabu, nikamuomba Mungu alinde Kongo, awape watu wake amani na udongo wa kulima. Amina ilitikisa mabati. Wazee walilia. Sijawahi kuona hivyo.

Siku ya ine, 14 Mai.
Mutu amepeleka habari kwa Leta. Padri alikuja na pikipiki, matope mpaka magoti. Hakukasirika, na hiyo iliniumiza zaidi. Leta imemuuliza juu yangu. Pentekoste atakuja mwenyewe. Nisome yaliyoandikwa, basi. Nikamuuliza kama Mungu anakataa jina la Kongo. Akapangusa matope kwa suruali.
"Mungu hakatai. Wakubwa njo wanakataa."

Siku ya posho, 16 Mai.
Hasira. Furaha anafunga vyombo, anajua tutafukuzwa.

Siku ya Mungu, 17 Mai. Pentekoste.
Naandika haraka, polisi ananingoja inje.
Padri alikaa mbele, polisi mulangoni. Nilisoma ya mufalme. Kisha nikasema tuombee inchi yetu. Watu wote wakapiga magoti pamoja. Polisi, kijana wa Ngungu, kijiji cha jirani, alikuja mpaka katikati ya kanisa. Hapo akasimama. Akavua kofia. Alinikamata Amina ilipoisha. Padri aliinamisha kichwa. Alikuwa anaomba ao aliona haya, sijui.

Siku ya kwanza, 1 Juni.
Nimetoka jela ya Masisi. Kanisa lina katekista mwingine. Uchungu. Tunakwenda Walikale, kwa wazazi wa Furaha. Mama Bahati ametuletea viazi vya njiani. Anasema kanisani wamekatazwa, lakini ile ombi inaendelea, kila mutu kwake nyumbani.

Siku ya Mungu, 28 Juni. Walikale.
Mvua tangu asubui. Baba mukwe ni muwindaji. Bado anawatengea mababu nyama mbele ya kula. Leo amewatengea, kisha akaniambia niombe ya kwangu. Nikaombea inchi. Alisikiliza, macho chini. Akasema Amina polepole, akanisogezea ndizi.
Tukakula.