Karatasi ya Mazoezi Niliyokatia Kola

Mshauri mpendwa,

Shikamoo, na kama wewe ni mdogo kwangu basi unisamehe, maana pale gazetini picha yako ni ndogo hata umri hausomeki. Naomba msaada, na naomba usinicheke, ingawa mwenyewe nikikaa peke yangu najicheka, halafu machozi yananitoka.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamume wa miaka arobaini na tisa, nashona sare za shule na mashati ya kiume, na watu wananiita Fundi Kola kwa sababu kola yangu hata uifue mara mia haijikunji. Shida yangu ni mgongo wa juu, hapa katikati ya mabega kupanda mpaka shingoni, ulianza miaka sita iliyopita kama kichomi tu cha jioni, nikadhani ni upepo, kisha ukahamia moja kwa moja, asubuhi naamka shingo imekaza siwezi hata kugeuka kumwitikia mtu, mchana unawaka moto, jioni ndiyo usiseme, na ukiubonyeza unakuta vinundu kama maharage chini ya ngozi.

Mwaka uleule nilikwenda hospitali, wakanipiga picha, wakasema mifupa haina neno, ni misuli imechoshwa na kuinama, wakanipeleka kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mpole kweli, akanishika mabega akasema, "Baba, mabega yako yamefika masikioni, nani amekutisha?" Tukacheka. Akanionyesha mazoezi matano, akanipa karatasi ngumu yenye katuni za mtu anayenyoosha mikono, akasema fanya asubuhi na jioni, pandisha meza ya cherehani, urudi baada ya mwezi. Mshauri, sikurudi. Niliona mtu mzima na ndevu zake atasimama mlangoni pa duka anapiga mbawa kama kifaranga, wateja wakipita watasemaje? Mimi nilitaka sindano, nikapewa karatasi.

Badala yake nikamwelemea mama watoto. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kila jioni baada ya kula mimi nalala kifudifudi kitandani, yeye anapaka dawa ya kuchua ananikanda, na mwanzoni alikuwa anakanda huku ananisimulia vituko vya watoto wake darasani, aliyekula chaki, aliyemwita "bibi" kwa bahati mbaya, nacheka mpaka maumivu nayasahau. Lakini mazoea yana taabu. Siku moja yuko katikati ya kisa cha mtoto aliyeleta kuku shuleni, mimi nikaona maneno yanampunguzia nguvu, nikasema, "We bonyeza, acha hadithi." Akaacha hadithi. Tangu siku hiyo nikawa nyapara, juu kidogo, hapo siyo, gumba, tumia gumba, mbona leo umelegea? Akitumia kiwiko nasema kiwiko kina mfupa. Jioni moja akaja na mpini wa mwiko, nikamwambia, "Kwani mimi ni unga?" Akarudisha mwiko jikoni, akaendelea na gumba lake.

Miaka sita, mshauri.

Mwezi uliopita binti yetu mkubwa alikuja kutusalimia, akamkuta mama yake jikoni anafungua kifuniko cha chupa kwa meno. Mimi niko sebuleni nikasikia, "Mama, mkono una nini?" na mwenyewe anamjibu, "Polepole, baba yako asisikie." Kumbe gumba la kulia limevimba kwenye kiungo, halikunjiki wala halishiki, kumbe ni zaidi ya mwaka anaandika ubaoni chaki kaibana kwa vidole vya kati, herufi zinatetemeka, mwalimu mkuu keshamwita ofisini kumuuliza kama anaumwa, na wale watoto wanaofundishwa kuandika na yeye darasa zima wanaandika "a" yenye mkia uliopinda, kwa sababu ya mwalimu wao ina mkia uliopinda.

Binti akaja akasimama mbele yangu akasema, "Baba, umemmaliza mama." Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikasema, "Sasa mbona mwenyewe hakusema?"

Neno hilo mama watoto alilisikia. Hakulia, hakugomba. Asubuhi yake alifunga mfuko mmoja, akasema likizo hii anakwenda kwa dada yake kupumzisha mkono, na alipofika mlangoni akaniambia, "Ningekwambia saa ngapi, fundi? Ulikuwa umelala kifudifudi."

Leo ni wiki ya tatu. Mgongo unauma na hakuna wa kuukanda, na naona haya kukwambia kwamba siku za mwanzo nililililia lile gumba kabla sijamlilia mwenye gumba. Halafu juzi nakata kola, nikaitungua msumarini karatasi yangu ya kukatia, ile ninayoizungushia chaki juu ya kitambaa kila siku ya Mungu, nikaigeuza kwa sababu kingo zimechakaa, nikaona mguu wa katuni. Mguu, na mkono mmoja ulioinuliwa. Mshauri, ni karatasi ya yule dada wa mazoezi. Niliikata mwenyewe kwa mkasi wangu wiki ileile niliyopewa, maana ilikuwa ngumu, na sisi mafundi karatasi ngumu hatuiachi ipite. Kola zote zilizonipa jina nimezikata kwa dawa yangu mwenyewe. Nilikaa chini sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, mteja akaingia akauliza kama nimefiwa.

Nimfuate au nimwache? Nikimpigia shemeji simu anasema, "Yupo, anapumzika," na simu hampi. Likizo inaisha wiki ijayo na sijui kama atarudi nyumbani au ataomba uhamisho abaki hukohuko. Nikimfuata nianze na neno gani? Na huu mgongo nao niufanyeje, maana bado unaniua?

Ni mimi,
Fundi Kola

---

Fundi Kola,

Marahaba. Umri wa kuipokea ninao, na wa kukusema pia, kwa hiyo kaa vizuri hapo kwenye stuli yako.

Kwanza pole. Maumivu ya misuli ya mgongo si uvivu wala si deko, hata kama picha ya hospitali haionyeshi kitu. Mtu anaamka nayo, anakula nayo, yanamfanya mkali kwa watu asiotaka kuwa mkali kwao. Hilo nakupa bila kinyongo. Basi, pole yangu inaishia hapo.

Unauliza mbona hakusema. Alisema, baba! Alisema kwa kiwiko, akasema kwa mwiko, na hadithi zilipokatika ndipo aliposema kwa sauti kuliko siku zote. Wewe fundi unayeona mshono uliopinda kwenye shati la mtu aliye ng'ambo ya barabara, gumba lililovimba nyumbani mwako hukuliona, kwa sababu kila jioni lilikuwa nyuma yako. Miaka sita mkeo ameutazama mgongo wako kuliko uso wako.

Sasa huo mgongo. Kukandwa kunatuliza, sikatai, lakini kama kesho unarudi kuinama vilevile kutwa nzima, ni kupiga pasi nguo huku mwenzako anaikunja upande wa pili. Kesho, kabla hujatia uzi kwenye sindano, shika tepu yako. Umepima mabega ya mji mzima, hujawahi kujipima wewe na meza yako. Pandisha cherehani kwa matofali au mbao imara mpaka viwiko vikae usawa wa meza na mabega yashuke yenyewe. Stuli mpe mteja anayesubiri, wewe tafuta kiti chenye egemeo. Taa isogee karibu na sindano, na macho ukapime, maana wenzako wengi wanainama kwa sababu hawaoni tundu la sindano halafu wanalaumu mgongo. Kila nusu saa simama, zungusha mabega, vuta pumzi, ndipo ukae tena. Jioni weka taulo la moto hapo panapouma kwa robo saa. Vidonge vya maumivu visiwe pipi, meza kwa maelekezo ya mtaalamu tu.

Vile vinundu vikidai kubonyezwa, chukua mpira mdogo, uuweke kati ya mgongo na ukuta, ujisugue mwenyewe polepole. Ukuta hauna gumba.

Na urudi kwa yule dada wa mazoezi. Mwambie ukweli, hata wa mkasi. Atacheka, nawe utavumilia, kisha atakupa karatasi nyingine, na safari hii utapiga mbawa mlangoni pa duka mbele ya wateja wote. Usitegemee wiki moja. Misuli iliyoharibika miaka sita itadai miezi, na kuna siku itauma kama mwanzo, usikate tamaa siku hiyo. Lakini mikono ikifa ganzi au kukosa nguvu, miguu ikilegea, au yakaja maumivu ya kifua au homa, usinisubiri mimi wala gazeti, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Haya, mkeo. Mfuate, na umfuate kabla likizo haijaisha. Usimtume binti, usipitie kwa shemeji, nenda kwa miguu yako upige hodi. Usianze na "rudi nyumbani." Anza na "nimekukosea," na ukishasema hivyo, neno "lakini" likikujia mdomoni limeze. Mgongo wako usiutaje kabisa siku hiyo, hata ukikuuma mpaka machozi. Mwombe umsindikize hospitali akatazamwe mkono, na ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Sikufichi, gumba lililofanyishwa kazi hivyo huenda lisirudi lote. Ikiwa hivyo, vifuniko vyote vya nyumba hiyo utavifungua wewe maisha yako yote, na usimdai mtu pongezi kwa hilo. Kama atarudi au atabaki kwa dada yake, uamuzi ni wake. Hilo siwezi kukushonea.

Ile karatasi uliyokatia kola nenda nayo. Mpe mkononi, usijieleze sana, yeye ni mwalimu, ataisoma. Kisha kaa kwenye kiti mbele yake, uso kwa uso, umuulize yule mtoto aliyeleta kuku shuleni aliishia vipi. Akianza kusimulia, fundi, usimkatishe.