Inchi Nne za Mninga

Jumatatu, 2 Juni 2025
Wiki ya tano ya ndoa! Nikiitwa "mke wa Ferdinand" bado nageuka kuangalia kama anaitwa mwingine. Leo mume wangu kaniletea kompyuta, ya mtumba, herufi M imefutika. Anasema wateja wa siku hizi wakija karakana yake Keko wanataka kuliona kabati kabla halijatengenezwa. "Wewe umefika Fomu Foo, Noe. Mie mikono, wewe macho." Jamani! Huyu mwanaume ataniua.

Alhamisi, 5 Juni
Programu ya kuchora ya 3D nimeipata. Unachora mraba, unaushika kwa mausi, unauvuta — unainuka, unakuwa boksi! Nilipiga kelele. Unalizungusha, unalichungulia mpaka chini. Ukikosea unabonyeza tu, kosa halipo tena. Nimechora stuli. Mguu mmoja unaelea hewani. Ferdi kacheka mpaka kakaa sakafuni, kisha akanibusu kwenye paji la uso.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa kanipeleka karakana. Juu kwenye kenchi za paa kuna mbao za mninga. Aliziweka marehemu baba yake, mzee Kasimiri, miaka kumi na moja iliyopita. Kwao, baba fundi humwekea mwanawe mbao za kitanda cha ndoa, zikauke zikimsubiri. Mwisho wa ubao mmoja kuna maandishi ya mzee, ya penseli: Kitanda cha Ferdi. Nililia. Ndiyo maana mpaka leo tunalala godoro chini, hakutaka kitanda kingine. Na mie ndiye nitakayekichora! Godoro letu ni la hoteli, mtumba, la springi, saizi haieleweki. Nimepima mwenyewe: inchi 63 kwa 79.

Farhan, fundi wa banda la pili: "Braza, umeoa mke au umeajiri injinia?" Ferdi akamwambia vyote viwili, na yeye apambane na useja wake.

Jumatano, 11 Juni
Kimekamilika kwenye kompyuta! Nilichora mraba wa 63 kwa 79, nikauvalisha mbao, nikaupaka rangi ya mninga. Nimeweka hata mito miwili, imegusana. Vipimo nikamwandikia kwenye karatasi. Ferdi akaisoma, penseli sikioni. "Noe, hivi ni vya ndani?"

Nikasema ndiyo. Haraka. Alikuwa ananitazama vile anavyonitazamaga. Sikutaka aache.

Jumamosi, 14 Juni
Godoro haliingii.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda misa. Mraba wangu ulikuwa wa nje. Mbao za inchi mbili kila upande zikaingia ndani, zikala inchi nne. Na aliponiuliza, hata sikuelewa anauliza nini.

Nimefungua programu, nikashika upande, nikavuta inchi nne. Sekunde mbili. Kikakaa sawa. Nikaizima.

Jana Ferdi alisimama na godoro mgongoni, akalijaribu huku, akalijaribu kule. Farhan, aliyemsaidia kukileta kitanda nyumbani, akaanza, "Injinia, hicho cha wajukuu—" halafu akauona uso wa Ferdi, akajifanya anatafuta msumari. Ferdi hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alisema tu, "Nilikuuliza." Kuunga ubao mwingine anaweza. Lakini hautakuwa wa baba yake.

Jumanne, 17 Juni
Hajaniita Noe tangu Jumamosi. Anakula, anasema asante. Tunalala tumepeana migongo, godoro lilelile, chini palepale. Wiki ya saba.

Nilitaka kufua shati lake. Mfukoni nimekuta kipande cha mninga, kirefu kama kidole. Kina maandishi ya penseli: Kitanda cha Ferdi. Ni kile alichokata kwa kufuata vipimo vya karatasi yangu. Nimekirudisha. Shati sikulifua.

Ijumaa, 20 Juni
Mama mkwe kafika kutoka Mbinga. Na maharage, na kahawa, na shuka jipya la kutandika kitanda! Akakiona. "Mbona mmekiegesha ukutani kama mgonjwa?"

Ferdi akasema, "Nimekosea kukata, mama. Mie mwenyewe."

Eti yeye! Nilikuwa nimeshika birika. Akanitazama, mara ya kwanza wiki nzima, akatikisa kichwa kidogo: usiseme. Mungu nisamehe, nikamimina chai.

Mama hakuigusa. Alimwambia Ferdi kwamba baba yake aliuza baiskeli ili asije akaziuza zile mbao. Kwamba mikono ya mzee imekwenda na mzee. Ferdi kainamisha kichwa kama mwanafunzi. Mume wangu, fundi kuliko wote Keko!

Nimekimbilia jikoni, naandikia juu ya ndoo ya unga. Pazia tu ndilo linalotutenga. Mama anapapasa mbao, nasikia pete yake ikigonga. Anatafuta maandishi. Anasema usiku ule mzee alipoandika, taa alishika yeye. Yako wapi?

Nasikia Ferdi akimsogezea kiti.

Kipande najua kiko wapi, shati liko pale msumarini. Karatasi yangu ya vipimo, niliyoiokota karakana, ninayo hapa, kwenye daftari hili, mwandiko wangu mzuri wa Fomu Foo.

Mama kauliza tena. Sasa naitwa mie — "Noela, mwanangu, njoo wewe mwenye macho, unitafutie."