Isome Ukiwa Umekaa

Kidichi, Unguja
Ramadhani, kumi la kati

Kwa mdogo wangu Hafiz,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta huko Bwejuu na afya yako na funga njema, unakula daku na unalala usingizi wa watu. Sisi hapa hatujambo. Mama na magoti yake yale yale, akiinuka analalamika, akikaa analalamika, lakini futari haijampita ila siku moja. Shemeji yako Kheir anakusalimu sana. Msabah, msimamizi wenu hapo soba mnapoachishwa unga, kanambia mashavu yameanza kujaa. Nimefurahi, maana ulipoondoka hapa ulikuwa mifupa na macho tu, na macho yenyewe sikuyapenda.

Nnajua ushaanza kuruka mistari kutafuta jina moja. Nnakujua, wewe. Usiruke. Nna habari ya Kashata, na si habari nzuri, na nimemwomba Msabah akae karibu nawe mpaka uimalize barua hii. Simu hamruhusiwi mpaka mtimize miezi mitatu, na hata mngeruhusiwa mie nisingeweza kuyasema haya kwa simu. Basi kaa kitako, uisome pole pole.

Ahadi sijaisahau. Siku ya kukupeleka uligoma kupanda gari ya Kheir, ile kirikuu, ukakumbatia nguzo ya baraza kama mtoto anayepelekwa kutahiriwa, ukasema mbele ya mama: "Nitakwenda, lakini nikitoka nimkute Kashata. Nisipomkuta yeye, na mimi msinitafute." Mama akalia. Mimi nikaapa. Mimi huyu niliyekuwa nikikwambia miaka yote kwamba mbwa haingii kwangu, nikaapa nitamtunza kama mwanangu wa kumzaa. Nnalijua alilotufanyia. Siku ile uliyoanguka kwenye gofu la Malindi, sindano ingali mkononi, wenzako wakakukimbia, yeye alibaki anabweka mpaka watu wakaja kumtupia mawe, ndipo wakakuona. Bila ya yeye leo ningekuwa namwandikia nani?

Basi nikamtunza. Nikamjengea banda nyuma ya nyumba, chombo chake mbali na vyetu, kata yake mbali. Majirani walisema waliyoyasema, nikawajibu huyu ni mlinzi wa shamba, na mbwa wa kulinda shamba hana ubaya. Mama naye akawa anamrushia vichwa vya samaki kwa dirishani, akidhani simuoni.

Ramadhani ilipoingia ndipo nilipokosea. Kwetu unakujua, mchana wa Ramadhani moshi ukitoka jikoni mtu anapita mara mbili kuangalia nani anakula. Nikaona haya kumpikia mbwa uji wake wa asubuhi na chakula chake cha mchana, na watu wamefunga. Nikasema basi naye atakula na sisi magharibi, mara moja tu kwa siku. Nikawa namkusanyia kila kinachobaki: muhogo wa nazi, ndizi mbichi, tambi, samaki, sinia zima. Mama akicheka, ati Kashata naye kafunga, thawabu zake apelekewe Hafiz. Na yeye kwa njaa ya kutwa alikuwa hatafuni, alikuwa anameza tu. Akimaliza anakunywa maji nusu ndoo, halafu anazunguka shamba mbio kwa furaha, na sisi tumekaa barazani tunamtazama tunacheka. Laiti ningalijua.

Jumatatu alikula vile vile. Kheir keshatoka kwenda msikitini, mimi nnakusanya vyombo, nikamsikia anakohoa. Nikatoka nje. Alikuwa kasimama kaipanua miguu, shingo kainyoosha, anajikamua kutapika na hakitoki kitu ila mate ya povu. Anakaa, anainuka, anazunguka, anageuza kichwa kuutazama ubavu wake kama kuna mtu kampiga. Tumbo limemjaa. Nikasema kavimbiwa. Mwezi huu nani hakuvimbiwa? Nikamchemshia tangawizi, nikamnywesha, ikamtokea puani. Nikamtembeza. Nikamsugua tumbo kwa mafuta ya karafuu. Nilimfanyia yote tunayofanyiana sisi, Hafiz, na yote hayakuwa yake.

Alipolala chini akashindwa kuinuka ndipo nikampigia daktari Wakil, yule wa mifugo aliyemdunga chanjo ya kichaa cha mbwa pale skuli. Alhamdulillahi, akapokea. Salamu hazijesha akaniuliza kama anatapika, nikamwambia anajaribu na hatapiki. Akanambia nimgonge tumbo kwa vidole nisikilize. Nikagonga, linalia kama ngoma. Akanambia nimfunue mdomo nitazame fizi. Hapo nilisita, nakwambia kweli. Tangu nizaliwe sijatia mkono kinywani mwa mbwa. Halafu nikajisemea maji yapo na udongo upo, nitajitoharisha, nikamfunua. Fizi zilikuwa nyeupe, hazina damu. Sauti ya daktari ikabadilika pale pale. Alisema tumbo limejigeuza ndani, limejisokota kama kitambaa kinachokamuliwa, hewa haina pa kutokea na damu haina pa kupita. Nisimpe tena kitu chochote mdomoni. Nimpakie sasa hivi nimpeleke kwake mjini, na kuchelewa kokote ndiko kutakakomuua.

Gari anayo Kheir, Kheir yumo kwenye tarawehe, na simu kaizima. Nilikimbia na kandambili moja. Nikafika mlangoni pa msikiti nikasimama. Wanaume safu kwa safu, imamu anasoma. Nikasema watatoa salamu sasa hivi, nitamwita. Wakatoa, wakainuka tena sijapata sauti. Nikaona haya. Nikafikiri watasema mke wa Kheir kamtoa mumewe kwenye sala kwa ajili ya mbwa wa yule teja. Ndivyo nilivyofikiri, mdogo wangu, na kwa neno hilo hilo. Wakatoa salamu nyengine, mimi nimesimama pale pale nalia na haya zangu, na mnyama wako yuko chini anakata roho. Ya tatu sikuingoja. Nikaita, "Kheir! Kheir, toka!" na imamu yumo katikati ya aya. Msikiti mzima ulinisikia.

Wallahi hakunigombeza. Alitoka kofia mkononi, akauona uso wangu akadhani ni mama. Nilipomwambia ni Kashata alishusha pumzi, akanitazama, kisha akasema twende. Huyu ndiye Kheir uliyekuwa ukisema hana huruma. Tulimbeba kwenye khanga yangu niliyoiweka kwa ajili ya Idi, yeye kichwani mimi miguuni, nikapanda nyuma kwenye kirikuu nikampakata. Kila tuta la barabara akiguna. Nikimwita jina anatikisa ncha ya mkia, basi mie nikawa namwita njia nzima. Nilimsomea kila ninachokijua. Sijui kama inafaa kumsomea mbwa, nawe usinende ukamuuliza mtu.

Daktari Wakil tulimkuta kasimama nje anatungoja. Alimchoma sindano nene ubavuni, hewa ikatoka kwa kishindo, tumbo likashuka, na Kashata akalaza kichwa akapumua. Nikasema Mungu kasikia. Nilimshika Kheir mkono mbele ya mtu. Daktari akasema bado, ile ni kumpunguzia tu, lazima ampasue akalirudishe tumbo mahala pake. Akamlaza kwa dawa. Kheir akaingia kumshikia taa, mimi nikakaa ukumbini, mikono inanuka mate na karafuu. Hawakukaa sana. Mlango ulipofunguliwa mapema vile nikajua.

Alisema sehemu kubwa ya tumbo ishakufa, imekuwa nyeusi, imekaa bila damu kitambo. Anaweza kukata na kushona, lakini kwa aliyoyaona hatofika asubuhi, na huo muda atakaoishi ni wa mateso. Au aachwe katika usingizi ule ule, aongezewe dawa, asiamke. Akaniuliza mbwa ni wa nani. Nikamwambia ni wa mdogo wangu. Akasema basi huyo ndiye wa kuamua, nikuulize haraka.

Sasa nimefika kwenye neno lililonikalisha kuandika. Nilimpigia Msabah, nikamweleza. Alisema sheria anaijua, ila jambo hili lina uzito wake, nisubiri anakuita, uko hapo uani na wenzako. Nikasikia anatembea. Nikasikia na mtu anacheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka anakosa pumzi. Nikamuuliza Msabah ni nani yule. Akanijibu, "Si ndiye Hafiz mwenyewe. Wanamtania kaunguza maandazi ya daku."

Sijakusikia ukicheka tangu baba yuhai. Sauti yenyewe sikuijua, ilibidi nitajiwe. Nikakuona unapewa simu, unasikia ninalosema, unaruka ukuta, unakuja mjini, unamkuta keshakufa, na kutoka pale kwa daktari mpaka njia kuu hapakosi mtu anayekujua na anayejua utakalo. Nikamwambia Msabah, "Muache. Usimwite." Akaniuliza nina hakika? Nikakata simu.

Nikarudi ndani nikamwambia daktari asimwamshe. Nilimwekea Kashata mkono kichwani, mkono mtupu, nikauacha mpaka alipotulia kabisa. Asubuhi Kheir alichimba mwenyewe, mpakani mwa shamba, na mama alitoka na bakora yake akasimama mpaka tulipomaliza kufukia. Siku ile futari hakuigusa.

Wote wawili hawataki uyajue haya. Mama anasema nikwambie Kashata kapotea. Kheir anasema tungoje umalize miezi yako kwanza. Nimewakatalia. Nshaamua jambo kubwa juu yako bila ya kukuuliza, na la pili siliwezi. Alikuwa mbwa wako. Kumuaga ilikuwa haki yako, na ulikuwa hatua chache kutoka kwenye simu, na mimi ndimi niliyekunyima. Kumlisha vile sikujua, na kusimama mlangoni pa msikiti nilikuwa mjinga. Lakini kukata simu nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nna wawili na mmoja hawezi kuokoka, nikamshika wa pili. Ningeulizwa leo ningefanya vile vile, na usiku silali.

Nikasirikie, Hafiz. Una haki. Nitukane mbele ya Msabah, uape hutonisemesha mpaka nizeeke. Lakini yafanye hayo yote ukiwa humo ndani. Nnakuomba, na mie si mtu wa kuomba, unanijua. Usitoke.

Jumamosi ni siku yenu ya wageni, nitakuja. Sitoingia mpaka uniite. Nitakaa nje hapo langoni na saumu yangu mpaka waje kunifukuza. Na kama hutaki kuuona uso wangu, sitokulaumu. Mtume mtu yeyote atoke anambie neno moja tu, kwamba umo.

Mama anakuombea kila sala. Kheir anasema uchunge afya yako. Wasalimie wenzako wote hapo, na wao wasiache kukutania.

Ni mimi dada yako, nikusubiriye,

Rukaiya