Alibana Mara Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimechelewa kufungua duka. Wanunuzi wa mbegu walikuwa wamepanga foleni mpaka kwa fundi wa viatu. Kasikeu yote ni vumbi, wingu hakuna, na kila mtu anataka ndengu na mahindi ya muda mfupi. Nimeuza mpaka mkono ukauma.

Saa nne Kyalo akaja akijikokota, akaketi kwenye benchi lake pale nje. Kaka yangu amekonda mpaka shingo inaonekana ya mtu mwingine. Saratani ya koo. Sauti imebaki mnong'ono tu. Lakini Mchungaji Musau alipofika, mnong'ono ukapata nguvu. Hawa wawili walikaa dawati moja shule ya msingi. Mmoja akawa mchungaji wa kanisa letu. Mwingine akawa mwalimu wa fizikia kule Makindu, na haamini kama Mungu yupo. Tangu hospitali imrudishe nyumbani wanabishana mbele ya duka langu karibu kila siku. Wateja hununua dawa ya kupe polepole ili wasikie.

Leo ilikuwa juu ya Mama. Ameshapanda shamba lote kwenye vumbi. Mchungaji akasema hiyo ndiyo imani, kufukia mbegu kabla ya kuona wingu. Kyalo akasema hiyo si imani, ni ushahidi. Mama ameiona mvua ya Novemba tangu akiwa msichana. Angepanda mwezi wa saba, hapo sawa, tungesema ni imani. Watu wakacheka, na mchungaji pia.

Nami nilicheka. Halafu nikaona damu kwenye leso yake.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani. Dada mmoja kutoka Kalamba ameshuhudia jinsi mguu wake ulivyopona baada ya maombi. Amina yangu ilichelewa. Ni makosa ya Kyalo, ananiharibia Jumapili. Nilimsikia kichwani: nani aliupima mguu kabla? Na wale walioombewa wakafa, nani atawapa kipaza sauti?

Mimi naamini. Nikiulizwa kwa nini, sina jibu la kumpa mwalimu. Naamini jinsi ninavyoijua njia ya kisimani, hata gizani miguu inaenda.

Nilimsimulia nyumbani, nikiwa tayari kwa vita. Akauliza kama yule dada sasa anatembea vizuri. Nikasema anatembea. Akasema basi ni vizuri, amefurahi. Ndivyo alivyo huyu. Ukijiandaa kugombana naye, anakunyima.

Jumatano, 15 Oktoba

Mabishano makali leo. Mchungaji alimuuliza Kyalo alizaliwa siku gani. Alhamisi. Umejuaje? Mama aliniambia. Basi, mchungaji akasema huku akipiga goti lake, nawe pia unaishi kwa neno la shahidi, na sisi tunao mashahidi wetu. Nilidhani amemweza.

Kyalo akameza mate kwa shida. Akasema shahidi wa kuaminika ni yule anayesema hata neno linaloumiza upande wake. Akianza kuficha kwa sababu anakupenda, huyo si shahidi tena. Mengine yote, akasema, jibu lake ni sijui, na sijui ni jibu kamili.

Mchungaji akakasirika kweli. "Kyalo, siwezi kumzika mtu kwa sijui!"

Hakuna aliyekuwa ametaja kuzika mpaka leo. Mchungaji akaomba msamaha, akaenda hotelini kumletea chai. Kyalo hawezi tena kumeza chai. Alikishika tu kikombe mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sauti ya Kyalo imekwisha kabisa. Hatoki kitandani. Duka nimemwachia jirani nusu siku.

Kabla haijaisha, juzi, aliniita nisogeze sikio. "Nduku, usiwaache waniokoe nikiwa nimelala." Nikamwambia aache upuzi. Hakuniachilia mkono mpaka niliposema sawa. Nimesema sawa. Sasa sijui kwa nini nilisema.

Tumetengeneza njia yetu ya kuongea. Nauliza, anabana mkono. Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Uji? Mara mbili. Dirisha? Mara moja. Mama hajishughulishi nayo. Anasema yeye humsoma mwanawe macho.

Jumatatu, 20 Oktoba

Dawa ya maumivu inamzidi. Leo amelala mchana kutwa. Nilimshika mkono akikoroma, akanibana mara mbili, kisha tena. Sikuwa nimeuliza kitu.

Mama haombi kwa sauti siku hizi. Najua kinachomsumbua, na kijiji kizima kinajua. Kanisa letu halimziki mtu aliyeliacha, na Kyalo aliliacha mbele ya watu, akasimama kabisa akaaga. Mtu kama huyo hupelekwa kaburini bila wimbo. Akina mama wa umoja wa kanisa hawavai vitambaa vyao vya kichwa, hawapiki, wanasimama nje ya ua kama wapita njia. Mama yuko kwenye umoja huo tangu nikiwa mgongoni. Amekoroga sufuria za matanga ya kila mtu hapa. Na mwaka jana, alipozikwa kijana wa jirani yetu aliyejitoa kanisani, Mama alisimama nje ya ua na wenzake. Nilimwona. Utaratibu ni utaratibu, alisema.

Sasa utaratibu umebisha hodi kwetu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Niandike kama ilivyokuwa.

Mchungaji alikuja mchana. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika Kyalo mkono wa kulia. Mimi nilikuwa miguuni na beseni. Mama alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Mchungaji hakuhubiri. Alimkumbusha dawati lao, na mwalimu aliyekuwa akiwachapa wote wawili kwa kosa la mmoja. Halafu akainama. "Ndugu yangu, kama unampokea Yesu, nibane mkono."

Kyalo alikuwa amefumba macho. Niliona vidole vikikaza. Vikalegea. Vikakaza tena.

Mara mbili.

Mchungaji akalia. Mtu mzima, mabega yanatikisika. Akamwambia Mama amekubali, tena amebana mara mbili, si mara moja. Mama akaweka chupa chini, akatoka nje. Baadaye nikasikia vigelegele vya majirani.

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa, nikaenda kuyabadilisha.

Jumamosi, 25 Oktoba

Asubuhi aliamka macho yakiwa safi. Alinitambua. Ingekuwa rahisi: jana ulikuwa ukimjibu mchungaji, au ulikuwa usingizini? Kubana kumoja tu kungetosha.

Nilimwosha uso. Nikamwambia kuna wingu dogo upande wa Makindu. Nikamwambia bei ya ndengu. Niliongea kama redio.

Sikumuuliza. Niliogopa.

Jumapili, 26 Oktoba

Kyalo amefariki asubuhi, watu wakiwa kanisani. Nilikuwa peke yangu naye. Hakubana.

Jumanne, 28 Oktoba

Wazee wa kanisa wamekaa chini ya turubai letu kuamua kama kanisa litamzika. Kwa mtu aliyejitoa hadharani, neno la mchungaji peke yake halitoshi. Wanataka mashahidi wawili waliokuwepo. Mchungaji ni mmoja, mimi ni wa pili. Mama hawakumhesabu kwa sababu ni mama, na nani angemwamini mama kwa jambo hili.

Akina mama walikuwa wameshaleta sufuria. Vitambaa vyao vilikuwa vimefuliwa na kuanikwa kwenye ua wetu. Niliviona vikipepea nikaona kazi yangu ni nyepesi. Ndiyo. Neno moja. Nilikuwa nalo tayari mdomoni tangu asubuhi.

Mchungaji alieleza vizuri, kwa machozi. Mzee Mulwa akanigeukia. "Dada Nduku, ulikuwepo. Alikubali?"

Mama alikuwa akiangalia mikono yake. Nikafungua mdomo.

"Alibana mara mbili," nikasema. "Kwetu sisi wawili, mara mbili ilikuwa hapana. Lakini siku hizo alikuwa akibana hata usingizini, bila kuulizwa. Sijui."

Mzee Mulwa si mtu mbaya. Alinisubiri kabisa. Akauliza kama naweza kusema ndiyo. Nikasema siwezi. Akauliza kama naweza kusema hapana. Nikasema siwezi pia. Akavua miwani, akaifuta. Akasema sijui si ndiyo, mwanangu, na sisi tunahitaji ndiyo.

Mchungaji alikuwa akiuangalia mkono wake mwenyewe, ule aliobanwa. Mama akainuka akaenda jikoni. Kufikia jioni vitambaa vilikuwa vimeanuliwa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Hakuna anayeongea nami. Shangazi amenipita uani kama mti. Mama anajibu nikimuuliza chumvi iko wapi, basi.

Nimemkasirikia Kyalo. Amekufa na bado ananigombanisha na watu. Yeye alitaka shahidi anayeumiza upande wake. Haya, amempata. Upande ulioumia ni Mama. Angekuwa hai ningemtandika kwa ufagio.

Nimekasirika pia na mimi mwenyewe. Nimehesabu ushahidi wote tena. Njia yetu ya kubana inasema hapana. Vidole vya usingizini vinasema si kitu. Machozi ya mchungaji yanasema ndiyo, lakini machozi ni yake, si ya Kyalo. Na asubuhi ile ya macho safi niliipoteza kwa kuongea bei ya ndengu. Kama angebana mara moja, leo Mama angekuwa na wimbo. Kama angebana mara mbili ningekuwa nimetimiza neno langu na kulala. Sasa sina hiki wala kile.

Nimejaribu kuomba. Nilisema "Baba" nikakwama hapo.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumemzika. Watu walikuja, huwezi kusema hawakuja. Wateja wangu, walimu wenzake kutoka Makindu, wanafunzi wake wa zamani. Mwalimu mmoja alisoma maisha yake kwa ufupi. Mjomba akashukuru wageni. Akina mama wa umoja walisimama nje ya ua bila vitambaa, wengine wakilia. Mama hakuwaangalia hata mara moja. Nadhani alijua kila mmoja amesimama wapi.

Hakuna aliyeimba. Udongo una sauti kubwa ukikosa wimbo. Mwanamke mmoja alianza kuvumisha pambio puani, akanyamazishwa na mwenzake.

Mchungaji alikuja akiwa na shati la kazi, bila Biblia. Sijui wazee watamfanya nini. Alichukua koleo kwa kijana mmoja akajaza udongo mpaka jasho likamtoka. Alipomaliza alisimama kando yangu. Nilidhani atanilaumu. Akasema tu, "Amenishinda tena," akatabasamu, kisha uso ukamharibika, akaenda zake.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefungua duka. Benchi lipo tupu. Mteja mmoja alitaka kulikalia, nikamwambia lina msumari. Halina.

Mchungaji amepita ng'ambo ya barabara. Alisimama kidogo, akaangalia benchi, akaendelea.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua ilinyesha Ijumaa na ikaendelea. Ndengu zimetoka, si zote. Mchwa na ndege wamekula sehemu, mistari ina mapengo. Leo sikufungua duka, nimeenda shambani na Mama kuziba. Yeye anachimba kijishimo, mimi nadondosha mbegu, anafukia kwa mguu. Tumefanya hivyo tangu nikiwa mdogo. Hakuna haja ya kuongea.

Karibu na mwisho wa mstari, upande wa kaburi, akasimama. Hakuniangalia.

"Nilijua mara mbili ni nini," akasema. "Si ni mimi niliyekuwa namlisha?"

Akasema alikuwa ameamua kunyamaza mpaka Mungu mwenyewe amuulize. Alikuwa tayari kusimama mbele yake na hilo neno, yeye peke yake, mradi mtoto aimbiwe. Akasema mimi nimejibu kabla hajaulizwa. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kuibeba.

Tukaziba shimo moja, la pili. Kisha akauliza, "Ile asubuhi alipofungua macho. Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza, Mama. Niliogopa."

Akachimba kidogo, akaacha. "Hata mimi nilikaa naye ulipoenda kuchota maji," akasema. "Nikamshika mkono. Sikumuuliza."

Akanyoosha kiganja nimpe mbegu. Nikampa. Tulimaliza mstari kabla ya saa sita, halafu tukarudi nyumbani kupika muthokoi wa mahindi na maharagwe.