Uso Chini ya Uso

Manchester, Jumapili alasiri

Mwanangu Adrian,

Baba yako anakusalimu, wewe na mkeo na Maisie. Kifua cha mtoto kimepona? Mimi mzima, ila magoti, na mvua ya huku unaijua mwenyewe.

Tangu tumzike mama yako, mimi asubuhi huongoza wageni kwenye jumba la sanaa la jiji. Ualimu haumtoki mtu. Sasa kuna maonyesho ya wale vijana wa enzi za Malkia Viktoria walioasi walimu wao, wakazikataa picha za kahawia zilizosifiwa wakati ule, wakachora kila jani kama lilivyo.

Imo picha ya malkia aliyeketi dirishani. Mama yako alikuwa akisema kwamba bibi wa bibi yake, Tabitha, mfua nguo, ndiye aliyekaa kuchorwa pale. Wewe ulimtania, "Mama, huyo hajawahi kushika sabuni!" Kumbe alisema kweli. Mchoraji aligombana na Tabitha, akaufunika uso wake kwa uso wa mwanamke mwingine. Wachoraji wale walikuwa na mazoea hayo. Lakini rangi ya mafuta ikizeeka huanza kupitisha nuru kama kioo, na kilichofichwa chini yake hupanda polepole. Macho ya Tabitha yamepanda. Yametokea chini kidogo ya yale ya malkia, na kope ya jicho la kushoto imelala, kama ya mama yako.

Wageni wanacheka. Bibi mmoja wa Oldham alimwambia mumewe, "Mtazame, Herbert, macho manne na bado hajaona cha maana kwako!" Nilicheka nao. Walipoondoka, mimi nilibaki.

Ikawa nabaki kila siku. Niliyasalimu yale macho, nikayapa habari za Maisie. Bi Ackroyd, fundi anayekarabati picha za jumba, alinikuta, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, unaongea na nani?" Nikamjibu kwamba naongea na mke wangu, kisha nikaona haya, nikamsimulia habari za Tabitha na mama yako.

Ndipo akanieleza kuwa wakubwa wa jumba wanajadili kama macho yale yafunikwe au yaachwe, na kwamba wangependa neno la familia. Alidhani nitamwombea Tabitha abaki. Nilimwambia amfunike.

Sababu sijamwambia mtu. Siku moja ndani ya tramu nilifumba macho nimtafute mama yako. Likaja paji lake, zikaja nywele, ikaja mikono. Lakini macho yaliyokuja ni ya Tabitha, yakinitazama bila kunijua. Nilijaribu tena jikoni, nikajaribu kanisani. Ni yaleyale. Alichofanyiwa Tabitha na yule mchoraji, mama yako anafanyiwa ndani ya kichwa changu.

Bi Ackroyd alimaliza Ijumaa. Malkia sasa ana macho mawili tu. Nikifumba yangu, Tabitha bado yupo. Picha za nyumbani hazinisaidii. Unamjua mama yako, kila picha anacheka, macho kayafumba.

Nawaombea afya nyote, na Maisie mbusu kwa niaba yangu. Ila niandikie upesi, mwanangu. Usipige simu, nataka maneno nitakayoyasoma tena na tena. Macho ya mama yako yalikuwa ya rangi gani? Na alipokuwa akinitazama, alinitazamaje?

Ni mimi baba yako,
Clement